Farasi Aliyetulizwa Hajalala

Dawa huingizwa kwenye mshipa wa shingo, na kwa muda mfupi hakuna kinachoonekana. Kisha kope zinaanza kulegea. Mdomo wa chini unaning'inia, masikio yanaangukia pembeni, na kichwa kinashuka taratibu mpaka pua inakaribia usawa wa magoti. Miguu ya nyuma inatanuka kutafuta pa kujishikiza. Ikifika dakika ya tano, mnyama wa kilo 500 aliyekuwa akirusha kichwa kila jino lake lilipoguswa amesimama kimya kabisa, na daktari anaweza kumpanua kinywa na kuanza kusaga meno.

Hapo ndipo watu huumia. Saisi hulegeza mkono kwenye kamba, mwenye farasi hupita nyuma ya mnyama kwenda kuchukua ndoo, fundi wa kwato huinua mguu bila kuanza na kiganja begani. Farasi aliyetulizwa kwa dawa bado anasikia na anahisi. Akiguswa ghafla pajani anaweza kurusha teke ambalo limelengwa barabara, bila kutikisa sikio wala kutoa ishara yoyote ile ambayo farasi mwenye akili zake angeitoa. Waganga wa wanyama wanaotibu farasi wamelijua jambo hili tangu dawa hizi zilipoanza kutumika, na bado kila kizazi cha wafugaji kinajifunza upya, mara nyingi kwa mguu uliovunjika.

Dawa inayotajwa zaidi katika habari hizi ni zailazini. Ilitengenezwa mwaka 1962 na kampuni ya Bayer ya Ujerumani, ikikusudiwa kuwa dawa ya shinikizo la damu kwa binadamu. Kwa watu ilileta usingizi mzito na kushusha mapigo ya moyo kupita kiasi, ikaachwa. Kwa ng'ombe, farasi na mbwa ilionekana kuwa ndiyo dawa waliyokuwa wakiisubiri madaktari wa mifugo, ikaingia sokoni kwa jina la Rompun. Baadaye zikafuata ndugu zake, detomidini kutoka Finland na romifidini, ambazo hudumu muda mrefu zaidi. Zote zinafanya kazi kwa njia moja: zinabana utoaji wa ile kemikali ya neva inayoufanya ubongo ukae macho, na mnyama anazama katika utulivu huku maumivu nayo yakipungua.

Kabla ya kuzungumzia yanayoharibika, ni haki kusema yale yanayotisha lakini ni ya kawaida. Moyo wa farasi mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Baada ya zailazini au detomidini unaweza kushuka mpaka mara 20 na kitu, na ukaruka pigo moja au mawili, kimya kirefu, kisha ukaendelea. Mwenye farasi akiweka sikio ubavuni anaweza kudhani mnyama anakufa. Tumbo nalo hunyamaza. Sukari ya damu hupanda na mkojo huwa mwingi, kiasi kwamba baada ya kitambo farasi humwaga mkojo usio na kifani. Dawa inapoanza kuisha baadhi yao hutoka jasho shingoni na mbavuni. Daktari aliyezoea hashtuki kwa lolote kati ya haya, ila ni wajibu wake kumweleza mwenye mnyama mapema, maana hofu ya binadamu zizini nayo humfikia farasi.

Kwa mtoto wa farasi hesabu ni tofauti. Moyo wake mdogo hauwezi kuongeza nguvu ya kila pigo kama wa mama yake. Unategemea wingi wa mapigo kusukuma damu ya kutosha. Dawa inayopunguza mapigo inamnyang'anya njia yake pekee. Kwa mnyama mwenye kidonda kilichomwaga damu nyingi, au aliyeishiwa maji mwilini, tahadhari ni hiyo hiyo.

Madhara mabaya kuliko yote yanayoweza kutokea papo hapo hayatokani na dawa yenyewe. Yanatokana na milimita chache. Shingoni mwa farasi kuna mfereji unaoonekana wazi upande wa chini, na ndani yake unapita mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani kwenda moyoni. Daktari anapoubonyeza kwa dole gumba, unafura juu ya kidole na sindano inaingia bila taabu. Lakini chini ya mshipa huo inapita ateri ya karotidi, inayopeleka damu moja kwa moja kwenye ubongo. Katika theluthi ya juu ya shingo, karibu na taya, msuli mwembamba unatenganisha mishipa hiyo miwili. Kadiri mtu anavyoshuka kuelekea kifuani, msuli ule unaisha na mishipa inakaribiana. Sindano ndefu ikiingia chini, au farasi akicheza wakati wa kuchomwa, ncha hupita mshipa na kutua ndani ya ateri.

Kinachofuata hakichukui hata nusu dakika. Dawa iliyokusudiwa kuzungushwa mwilini na kuchanganyika na damu yote inafika kwenye ubongo ikiwa mbichi na kali. Farasi hutupa kichwa juu, hukakamaa, husimama kwa miguu ya nyuma au huanguka kwa kishindo, na akiwa chini anapiga miguu kwa degedege. Aliyemshika asipokuwa na nafasi ya kukimbilia, yeye ndiye anayeangukiwa. Wengi wa farasi waliochomwa zailazini kwa bahati mbaya namna hii huinuka baadaye. Dawa nyingine, hasa zile zenye mafuta au chembechembe, huua.

Kinga yake ni ya kizamani na haigharimu kitu. Sindano huchomwa ikiwa peke yake, bila bomba, katika theluthi ya juu ya shingo, na mchomaji husubiri aone damu. Ya mshipa hutiririka ikiwa nyeusi nyeusi na ya pole. Ya ateri hutoka kwa kuruka, ikifuata mapigo ya moyo, na huwa nyekundu ya kung'aa. Sindano nyembamba mno huficha tofauti hiyo, kwa sababu hata damu ya ateri hudondoka tone moja moja ikibanwa katika tundu dogo. Ndiyo maana madaktari wa farasi hutumia sindano pana kuliko vile mtu angependa kuona. Kisha bomba linaunganishwa, damu inavutwa kidogo tena kuhakikisha, na dawa inasukumwa polepole. Anayeona hatua hizi kuwa ni kupoteza muda hafai kushika bomba.

Kuna pia farasi ambaye dawa haimkamati. Malalamiko haya ni ya kawaida kuliko yote: amepewa kipimo kamili na bado anaruka. Mara nyingi kosa limetokea kabla ya sindano. Farasi amefukuzwa uwanjani robo saa, amekamatwa kwa nguvu, amepigiwa kelele, na mwili wake umejaa adrenalini. Dawa za jamii ya zailazini hushindwa kufuta msisimko ambao tayari umewaka. Mwenye mnyama akiongeza kipimo cha pili na cha tatu papo hapo, anaweza kufika mahali ambapo farasi bado ana hofu lakini miguu haimbebi tena, na mnyama mwenye hofu asiyeweza kujimudu ni hatari kuliko yule aliyekuwapo mwanzo. Njia inayofaa ni kumwacha. Achomwe akiwa ametulia, mahali penye giza kidogo na kimya, kisha watu wajitenge kwa dakika chache, hata simu zisiite. Wako madaktari wanaoziba masikio ya farasi kwa pamba, na inasaidia kweli.

Wachache hugeuka wakali baada ya dawa, jambo ambalo halikuwa tabia yao. Wengine, hasa waliokuwa na homa, huanza kuhema haraka haraka kwa namna inayotisha. Ili kupunguza ile hatari ya teke, madaktari wengi huchanganya zailazini au detomidini na butofanoli, dawa ya jamii ya afyuni, na mnyama huwa mzito zaidi asiyejali kuguswa. Butofanoli ikitolewa peke yake, farasi anaweza kuanza kutikisa kichwa kwa mshtuko mdogo mdogo na kutembea mbele bila kukoma, akisukuma ukuta kwa kifua.

Asepromazini ni ya ukoo mwingine na ya zamani zaidi, iliyoanza kutumika miaka ya 1950. Haiondoi maumivu hata chembe. Inalegeza mishipa ya damu mwili mzima, na wafugaji huipenda kwa sababu ni nafuu na farasi habadiliki sana kwa macho. Ila farasi aliyepoteza damu akipewa dawa hii, shinikizo lake linaweza kuporomoka kabisa akaanguka. Kwa madume kuna jambo la ziada. Uume hulegea na kutoka nje, na kwa kawaida hurudi dawa ikiisha. Mara chache sana hubaki nje, huvimba kwa uzito wake, na usiposhughulikiwa mapema kwa kuuegemeza, kuukanda na kuurudisha, neva huharibika na dume la mbegu huwa halina kazi tena. Ni nadra, lakini kwa mwenye dume lenye thamani ya shamba zima, neno nadra halitoshi kumfariji, na ana haki ya kuulizwa kabla.

Kichwa kilichoshuka nacho kina madhara yake, na ndiyo yanayosahaulika zaidi. Farasi hawezi kupumua kwa mdomo. Maumbile yake yanampa pua tu. Akisimama nusu saa au zaidi huku pua iko chini ya kifua, damu na maji hukusanyika katika tishu za ndani ya pua na njia inafumba. Kwanza kunasikika mkoromo. Ukipuuzwa, matundu ya pua yanatanuka na mbavu zinaanza kuvuta kwa nguvu. Tiba ni kuinua kichwa tu: kukiegemeza juu ya kigoda, juu ya marobota ya majani, au kukining'iniza kwa hatamu iliyofungwa juu ya boriti huku mtu akiangalia. Saisi anayejua hilo anaokoa maisha bila kugusa dawa yoyote.

Na baada ya kazi kwisha kuna majani. Farasi anapoanza kuamka humkuta mwenzake akitafuna, naye huanza kutafuna. Koo lake bado limelala nusu, hamezi vizuri, na bonge la majani hukwama kwenye umio. Mate na chakula huanza kutoka puani. Hivyo majani na pumba huondolewa zizini, na hata matandiko ya majani makavu, mpaka mnyama awe macho kabisa.

Hatari nyingine haionekani kama hatari. Farasi mwenye msokoto wa tumbo, anayejigaragaza na kujitazama ubavu, akichomwa zailazini hutulia ndani ya dakika chache. Mwenye mnyama hushukuru na kumwambia daktari aende. Kumbe utumbo uliojifunga bado umejifunga, maumivu tu ndiyo yamefunikwa, na dawa yenyewe imezidi kuusimamisha. Kwa daktari makini muda ule wa utulivu ni kipimo: maumivu yakirudi kabla ya dawa kuisha nguvu, tatizo pengine ni la kisu, na safari ya kwenda hospitali ianze wakati huo huo. Hakuna sababu kubwa kuliko hii ya kutomwachia mwenye farasi chupa ya zailazini kabatini.

Mchanganyiko wa dawa nao umeua. Madaktari wameripoti farasi waliopatwa na mvurugiko wa mapigo ya moyo na kufa baada ya kuchomwa antibiotiki za salfa zenye trimethopirimu kwenye mshipa wakati detomidini ingali mwilini. Onyo hilo limeandikwa katika karatasi ya maelekezo ya dawa. Ndiyo maana swali la daktari, kwamba farasi amepewa nini wiki hii, linastahili jibu la kweli hata kama jibu lina aibu ndani yake.

Kutoka utulizaji mpaka nusu kaputi ni hatua moja tu, lakini ni hatua ndefu. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2002, uliofuatilia zaidi ya farasi 41,000 waliolazwa kwa dawa katika kliniki mbalimbali, ulikuta kwamba 1.9 kwa mia walikufa ndani ya siku saba. Ukiwatoa wale waliofanyiwa upasuaji wa msokoto wa tumbo, bado ilikuwa 0.9 kwa mia, karibu mmoja kati ya mia. Kwa mbwa idadi hiyo ni ndogo mara kadhaa. Uchunguzi uliofuata, ambao matokeo yake ya awali yalitoka mwaka 2021, ulionyesha vifo vimeshuka hadi 1.0 kwa mia kwa waliolazwa, na 0.2 kwa mia kwa wale waliotibiwa wakiwa wamesimama kwa dawa ya kutuliza. Tofauti hiyo ndiyo imewafanya wapasuaji wengi wapendelee kumtibu farasi akiwa wima, kwa dawa ya kutuliza na ganzi ya sehemu, hata kwa kazi ambazo zamani zingemlaza mezani.

Kulala chini ndiko kunakomponza. Uzito wa mwili hubana misuli ya upande wa chini na mapafu yaliyoko chini hushindwa kujaa hewa. Kisha kuna kuamka. Farasi ni mnyama wa kukimbia. Akizinduka akiwa amelala, silika yake ya kwanza ni kusimama mara moja, kabla miguu haijarudiwa na nguvu.

Marekani ilishuhudia hilo mwaka 1975. Ruffian, farasi jike aliyekuwa hajawahi kushindwa katika mbio kumi, aliwekwa Julai 6 kushindana peke yake na Foolish Pleasure, bingwa wa Kentucky Derby wa mwaka huo, katika uwanja wa Belmont Park, New York. Watu wapatao 50,000 walikuwapo. Mbio zikiwa bado changa, mifupa midogo ya mguu wake wa mbele wa kulia ilivunjika. Madaktari walimfanyia upasuaji usiku, wakafaulu, wakamfunga mguu. Alipoanza kuamka kutoka kwenye nusu kaputi alianza kurusha miguu akiwa chini, kana kwamba mbio hazijaisha. Aliipasua bendeji ngumu na kuuvunja tena mguu. Alfajiri ya Julai 7 ilibidi akatishwe maisha.

Miaka thelathini na mmoja baadaye, Mei 2006, farasi mwingine wa mbio, Barbaro, alivunjika mguu wa nyuma katika mbio za Preakness. Katika hospitali ya New Bolton Center ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, baada ya saa kadhaa za upasuaji ulioongozwa na Dean Richardson, aliinuliwa kwa winchi na kushushwa ndani ya bwawa la maji ya vuguvugu, mwili wake ukiwa ndani ya boya lililotengenezwa kwa ajili ya farasi. Aliamka akipiga mateke kama wengine, lakini yaliishia majini. Barbaro alipita salama siku ile. Kilichomuua Januari 2007 kilikuwa ugonjwa wa kwato, si kuamka.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Katika miaka ya 1960 Toni Harthoorn, daktari wa wanyama aliyefanya kazi Uganda na Kenya, alikuwa miongoni mwa watu walioijaribu etofini, dawa ya jamii ya afyuni yenye nguvu mara maelfu kuliko mofini, kwa kurushia sindano wanyama wa porini. Tone dogo tu likiingia mwilini mwa mtu linaweza kumuua. Dawa hiyo ikachanganywa na asepromazini na kuuzwa Uingereza kwa jina la Immobilon kwa ajili ya farasi. Ilimwangusha mnyama haraka, lakini shinikizo la damu lilipanda, misuli ilitetemeka, na baadhi ya madume yalibaki na uume uliosimama bila kurudi. Pundamilia, ndugu wa farasi, bado hukamatwa kwa etofini katika hifadhi, kwa sababu dawa za jamii ya zailazini peke yake hazimtoshi mnyama wa porini aliyekwisha kutishika. Anayekimbizwa na gari muda mrefu kabla ya sindano anaweza kufa kwa joto na kuharibika kwa misuli hata kama kipimo cha dawa kilikuwa sahihi.

Lakini mnyama wa jamii hii anayewahusu wasomaji wengi hapa kwetu ni punda. Lamu, ambako mizigo ya mji mkongwe hubebwa migongoni mwa punda, shirika la Donkey Sanctuary lilifungua kliniki mwaka 1987. Kosa la kwanza ambalo daktari aliyesomea farasi hulifanya ni kumchukulia punda kuwa farasi mfupi. Mwili wake huvunjavunja dawa nyingi haraka zaidi, kwa hiyo utulivu unaisha wakati kazi ingali katikati. Baghala, mzao wa punda na farasi, huhitaji kama nusu zaidi ya kipimo cha zailazini ili atulie sawasawa. Farasi wakubwa wa kukokota mizigo wako upande wa pili: huzama kwa kipimo kidogo kwa kila kilo. Tena punda haonyeshi maumivu kirahisi. Anayesimama kimya anaweza kuwa ametulizwa na dawa, anaweza kuwa anaumia sana, na mchunga asiyemjua hatatofautisha.

Upo pia utulizaji wa hila. Muuzaji humpa farasi mkorofi dawa asubuhi ili mnunuzi amwone mpole, na mtoto anapandishwa juu ya mnyama ambaye miguu yake imelegea na ambaye jioni atakuwa mwingine. Nchini Uingereza ni kawaida damu kuchukuliwa siku ya ukaguzi wa kununua na kuhifadhiwa miezi sita, ili ikitokea shaka ipimwe. Hapa kwetu mnunuzi anaweza angalau kurudi siku ya pili bila kutoa taarifa.

Kwa aliye na farasi au punda atakayetulizwa wiki hii, kazi yake inaanza kabla daktari hajafika. Amwondolee mnyama majani, amwingize mahali pasipo na kelele wala vitu vya kujigonga, amweleze daktari dawa zote alizopewa, kama ana homa, kama ana mimba, kama aliwahi kupata tatizo mara iliyopita. Anayeshika kamba akae upande ule ule alipo daktari, karibu na bega, asijifunge kamba mkononi. Dawa ikishaingia amwache mnyama dakika tano bila kumgusa. Asikilize pua. Kichwa kikishuka mno akiinue. Na aulize kama daktari ana atipamezoli au dawa nyingine ya kugeuza ile ya kwanza ndani ya begi lake, kwa sababu ikihitajika, haitakuwapo nafasi ya kwenda kuitafuta dukani.